Mwiba wa Mkonge na Mkono wa Kushoto

Watu wakisikia nimefundisha kazi za mikono maisha yangu yote, wananiuliza habari za vikapu. Wanataka kujua kama bado nasuka, kama naweza kumfundisha binti yao kushona mkeka, kama ile mifuko ya katani nauza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za damu. Na damu, wanangu, ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Mpe mtoto mkasi, sindano, kipande cha bati na gundi, halafu mpe darasa lenye watoto kuliko madawati, uone kama utamaliza kipindi bila mtu kuja mbele ameshika kidole.

Sasa nimestaafu, nakaa Buhare, nafuga kuku, nagombana na mbuzi wa jirani. Mara moja moja walimu vijana wananipitia. Wengi wenu mmesoma vizuri kuliko sisi, mtaala wenu una maneno mazuri, lakini bado mnaniuliza swali lilelile: mtoto akiumia darasani nifanye nini? Basi kaeni niwaambie. Sitafuata mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Nilianzia Bukima, kwetu, nikiwa msichana mwenye vyeti vipya na woga mwingi. Watoto wa kule wanazaliwa na nyavu miguuni. Siku moja nikawaambia walete vitu vya nyumbani tutengeneze mapambo ya kuning'iniza, nikitegemea watakuja na vifuniko vya soda na magunzi. Mmoja akaleta ndoana za baba yake za kuvulia sangara. Hazikupita dakika nyingi, moja ikawa imezama kwenye dole gumba la jirani yake. Mimi nikaishika ndoana ile ili niivute irudi ilikoingilia. Bahati nzuri palikuwa na nesi wa zahanati, Nesi Wegesa, aliyekuwa amekuja siku hiyo kupima watoto uzito. Aliniona kupitia dirishani akapiga kelele mpaka chaki ikanidondoka.

"We mwalimu, acha! Ndoana ina meno nyuma. Unataka kutoka na nyama?"

Akanifundisha palepale. Kitu kilichozama hakivutwi. Kinazuiwa kisitikisike, kinazungushiwa kitambaa safi pembeni, mtoto anapelekwa kwa mwenye vifaa na dawa ya ganzi. Hivyo hivyo kwa kipande cha chupa, hivyo hivyo kwa msumari. Kwa kitu kilichoingia jichoni ni zaidi: usikiguse kabisa, usimruhusu mtoto afikiche, funika na mwondoke. Vumbi la chaki au la mbao, hilo unalisafisha kwa maji safi yanayotiririka taratibu, lakini kilichochoma jicho si kazi yako.

Nesi Wegesa ndiye aliyenilea katika mambo haya. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Kila nilipokwenda zahanati na mtoto alinikagua mimi kwanza. "Mikono yako umenawa?" Nikisema mtoto ndiye mgonjwa, ananijibu, "Mtoto ana kidonda, wewe una uchafu. Tuanze na wewe." Mpaka leo siwezi kugusa mkwaruzo wa mjukuu bila kutafuta sabuni.

Kwa hiyo kidonda kidogo cha mkasi ni hivi. Nawa. Mkalishe mtoto chini, maana wapo wanaozimia kwa kuona damu, na anayezimia akiwa amekaa haongezi nundu kichwani. Bonyeza kwa kitambaa safi, bonyeza kweli, na usifunuefunue kila mara kuangalia kama imekoma. Ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika. Kama mdomo wa kidonda umeachama, au damu inagoma kukoma, au kilichokata ni bati lenye kutu, twende kituo cha afya, na tuulize habari za chanjo ya pepopunda. Basi. Hapo hamna uchawi.

Shida ni kwamba kila mtu ana uchawi wake. Sijui nimeona vitu gani juu ya vidonda vya watoto: majivu, mafuta ya taa, ugoro wa bibi, unga wa betri, majani yaliyotafunwa na shangazi asiye na meno. Pale Bunda, nilikohamia baadaye, binti mmoja aliungua na nta tulipokuwa tunatengeneza mishumaa. Nilikuwa nje nachota maji. Kurudi, mwalimu mwenzangu Masatu ameshampaka dawa ya meno mkono mzima. Mtoto ananukia mnanaa darasa zima na bado analia. Nikamwambia, "Masatu, umempiga mswaki?" Tukamwosha upya, taratibu, kwa maji ya kawaida, chini ya kibuyu chirizi, na hapo nikagundua njia ninayowapa bure leo. Moto wa ngozi unataka maji mengi kwa muda mrefu, na mtoto hana subira, na wewe huna saa. Basi niliwaimbisha. Darasa zima likapanga mstari likaimba huku wakipokezana kujaza maji, na hakuna kuutoa mkono mpaka nyimbo tunazozijua zote ziishe. Watoto wa Bunda wanajua nyimbo nyingi, za kanisani, za shuleni, za kuvunia pamba. Lengelenge likitokea, usilipasue. Lifunike kwa kitu safi kisichogandana nalo, na kama ni kubwa, au ni la usoni, mpeleke.

Huyo Masatu, Mungu amweke, ndiye aliyenifundisha habari za gundi kwa mwili wake mwenyewe. Tulikuwa tunatarajia mdhibiti ubora wa shule, akawa anamalizia nyumba ya maboksi ya kuonyesha mezani. Akatumia ile gundi kali ya viatu vya plastiki. Mgeni alipoingia, Masatu akasimama kwa heshima zote na nyumba ikasimama naye, imeng'ang'ania vidole vitatu. Alisalimia kwa mkono wa kushoto akiwa ameficha nyumba nyuma. Yule mgeni alikuwa muungwana, hakusema kitu mpaka alipoona bomba la moshi linachungulia kiunoni. Ninyi msivute. Ngozi inachanika. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua polepole, bingirisha vidole, na itaachia yenyewe. Ikiingia jichoni au mdomoni, usijaribu kubandua, nenda kituo cha afya.

Na mbegu za pamba. Mtoto mdogo akichambua pamba ya kujazia mwanasesere, mbegu itakwenda puani, hilo lihesabu kama limeshatokea. Usichokonoe kwa njiti, utaisukuma ndani. Usimwagie maji, mbegu inavimba. Mwambie apumue kwa mdomo, kisha azibe tundu lisilo na kitu na kupenga kwa nguvu lile lenye mbegu. Ikigoma mara moja mbili, waachie wenye vifaa.

Haya yote ni mepesi, kwa sababu yote yana kelele. Mtoto anapiga yowe, unakimbia, unafanya ulilofundishwa. Sasa niwaambie la Magige, ambalo halikuwa na kelele.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa shule moja ya huko Butiama, vijijini, watoto wa wafugaji. Shule haikuwa na sindano za kutosha, na mimi sikutaka kusubiri zije. Mkonge uko kila mahali, umepandwa kuzunguka maboma ya ng'ombe. Ukikata ncha ya jani lake kwa uangalifu na kuuvuta mwiba pamoja na nyuzi zake, unapata sindano na uzi kwa pamoja, bila kutia uzi kwenye tundu. Nilijivunia sana ile mbinu. Tulikuwa tunashona mifuko ya viroba, na kila mtoto alikuwa na kigae cha kibuyu cha kusukumia mwiba, kama tondoo ya fundi cherehani, ili asitumie kiganja.

Magige alikuwa darasa la sita, mrefu, mpole, fundi kuliko wenzake. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa rika lake kwenda jando mwezi wa kumi na mbili. Mnaotoka mjini mnaweza msielewe maana yake. Kwa watu wale, mvulana anasimama mbele ya ukoo na kisu kinapita na haruhusiwi hata kukunja uso. Akitikisika, si yeye tu anayeaibika, ni baba, ni mama, ni wajomba, na atasikia habari hizo mpaka aote mvi. Kwa hiyo mwaka mzima kabla ya hapo wavulana wanatazamana. Nani amejikwaa akasema "aa"? Nani ameumwa na nyuki akakimbia? Sisemi ni vibaya au vizuri, mimi si wa kule, mimi ni Mjita wa ziwani. Nasema tu kwamba darasa langu la kazi za mikono lilikuwa limejaa watoto waliokuwa wanafanya mazoezi ya kutoumia.

Jumatatu moja wakati wa uji, binti aliyekaa dawati moja na Magige, anaitwa Ghati, akanifuata jikoni.

"Madam, Magige anakunywaga uji na mkono ya kushoto."

"Tangu lini?"

"Toka Ijumaa. Hata kande alikula hivyohivyo. Mi nilimwambia ni tabia mbaya, akaninyamazia."

Nikaenda. Jua lilikuwa linawaka na Magige amevaa sweta, mkono wa kulia ndani ya sweta. Nikamwambia nataka kuuona. Akaniambia hakuna kitu. Nikamwambia basi nionyeshe hicho hakuna kitu. Alipoutoa, nikachuchumaa niuone vizuri. Kiganja kilikuwa kimevimba, kinang'aa, chekundu, na kidole cha kati kimejikunja hakitaki kunyooka. Kwa juu palikuwa na kidoa kidogo kilichofunga vizuri kabisa. Nilipomdodosa akasema Ijumaa kigae chake kilipotea, akasukuma mwiba kwa kiganja, ukamkatikia ndani. Aliuchokonoa kwa mwiba mwingine nyuma ya choo. Ulipogoma, akapaka majivu na ugoro wa bibi yake, akaenda kukamua ng'ombe.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Hapana, Madam."

Niliogopa. Nawaambia wazi, kuliko ndoana ya Bukima, kuliko nta ya Bunda, mkono ule uliokuwa hauumi uliniogopesha. Sikuukamua, sikuubonyeza. Niliuosha juujuu, nikaufunika, nikaufunga juu kifuani kwa kanga yangu ili usining'inie, nikampigia simu baba yake.

Mzee Mugaya alikuja na pikipiki ya kukodi, fimbo ya ng'ombe bado iko mkononi. Mtu wa heshima, mwenye maneno machache.

"Madam, umenitoa malishoni kwa ajili ya mwiba?"

"Uangalie mkono kwanza, baba."

Akauangalia. Akaugeuza, akaugeuza tena. Kisha akasema, na niliona anajivunia na kuogopa kwa pamoja, "Mtoto wangu huyu haliagi."

"Angekuwa analia ningejua toka Ijumaa," nikamjibu.

Tukapanda watatu nyuma ya dereva mpaka kituo cha afya, mimi mwalimu mzima nimebanwa kati ya fimbo na mgonjwa. Watu walikuwa wengi kwenye benchi nje ya chumba cha vidonda, wengine wa kijiji cha kina Magige, wakatusalimia na kuangalia kanga yangu kifuani mwa Magige. Daktari alikuwa kijana, umri wenu. Akaukunja na kuukunjua mkono kidogo kidogo, akaketi, akatueleza kwa upole.

"Mwiba uko ndani na usaha umezunguka. Tatizo ni kwamba mwiba hauonekani vizuri hata tukimpiga picha ya eksirei. Na mkono umevimba wote, siwezi kupasua kwa kubahatisha, humu kuna kano za vidole. Nikishamchoma ganzi hatasikia kitu, na mimi sitajua uko wapi. Kwa hiyo nitabonyeza kwanza, na yeye aniambie panapouma zaidi. Ni yeye tu anayejua."

"Asipojua?" akauliza Mzee Mugaya.

"Nitawapa rufaa ya hospitali kubwa, na mwiba ukizidi kukaa, kile kidole kinaweza kikakakamaa moja kwa moja. Mkono wa kulia, mzee."

Mkono wa kukamulia, mkono wa kuandikia. Na mtoto yule alikuwa na mikono mizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

Daktari akaanza. Akabonyeza chini ya dole gumba. "Hapa?" Kimya. Akasogea. "Hapa?" Kimya. Magige alikuwa anatazama tangazo la chanjo ukutani, hakunji uso, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Daktari akazunguka kiganja chote, akarudi mwanzo, akazunguka tena. Nilijua kuna mahali ameupita mwiba, lazima ameupita, na uso ule haukutuambia kitu.

"Magige," nikasema, "sema mwanangu, tunakuomba."

Hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake haraka, kisha akarudi kwenye tangazo lake. Na mlango ulikuwa wazi, na benchi lilikuwa pale nje.

Mzee Mugaya aliliona tazamo lile. Nilimwona akiliona. Alisimamisha fimbo yake ukutani, akaja akachuchumaa mbele ya mtoto mpaka macho yao yakawa sawa. Akasema naye kwanza kwa Kizanaki, taratibu, maneno ambayo sikuyaelewa. Kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tuwe mashahidi.

"Siku yako haijafika. Ikifika utanyamaza, mimi nitakuwepo. Leo hakuna mtu anakuhesabia hapa. Leo mimi babako nakwambia, panapouma useme."

Daktari akabonyeza tena, polepole. Chini ya dole gumba, katikati, kuelekea kidole cha kati.

"Hapo," akasema Magige.

"Hapa?"

"Nyuma kidogo. Hapo. Hapohapo, inauma sana." Na alipolisema hilo neno sana, yakatoka yote aliyoyakusanya toka Ijumaa. Akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo kabisa, na sindano ya ganzi ilipoingia akalia zaidi, na baba yake akamshika kichwa akakiegemeza begani mwake mpaka ganzi ikashika.

Mwiba ulitoka pale pale alipopasema. Mweusi, mfupi, na usaha mwingi nyuma yake. Daktari akasafisha, akamwomba anyooshe kidole, na kidole kikanyooka. Mimi nikajikuta nafuta macho kwa kitambaa safi cha daktari cha kufungia vidonda, ambacho Nesi Wegesa angenichapa nacho.

Kuanzia wiki ile, kipindi changu hakikuisha kwa kengele. Kiliisha kwa mikono. Kila mtoto anaweka yake miwili juu ya dawati, kiganja juu, na mimi naweka yangu, tunapita tunaangaliana. Simuulizi mtu kama anaumia. Naangalia. Na mwiba wa mkonge niliendelea kuutumia, ila aliyepoteza kigae anakaa bila kushona mpaka kipatikane. Hilo ndilo ninalotaka mlichukue kwangu, mengine mtayakuta kwenye vitabu vyenu.

Lakini nimalizie siku ile. Tulipotoka, Magige mbele, bandeji nyeupe kubwa, macho mekundu hayafichiki, mzee mmoja wa kijijini kwao aliyekuwa kwenye benchi akatupisha njia huku akicheka kidogo.

"Mugaya, nani huyo alikuwa anaomboleza humo ndani?"

Magige akainamisha kichwa. Mimi nikafungua mdomo kusema ni mtoto mwingine, uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi. Mzee Mugaya akaniwahi. Alimwekea mwanawe mkono begani, palepale mbele ya benchi zima.

"Ni huyu wangu," akasema. "Alikuwa ameumia."